Kurasa za Nyuma

Kurasa za mbele ni za mama:
kilo mia mbili arobaini, daraja la kwanza,
kilo thelathini na sita zilizolowa,
makato ya ushirika, makato ya gunia,
deni la salfa kwa Chitanda.

Kurasa za nyuma ni zangu.
Nimeligeuza daftari kichwa chini, nikaanza upya:
Prosesa ya mtumba inayojichorea kidogo, laki mbili na nusu.
Mazabodi, laki na themanini.
Ramu, vijiti viwili vya nane nane, laki na kumi.
Sitaki kimoja cha kumi na sita,
mzega hubebeka ukiwa na uzito huku na huku.
Kadi ya picha, laki tatu.
Hiyo nimeiandika kwa penseli,
bei yake haikutaka wino.

Mfuko wote ni milioni moja,
misimu miwili ya kupakia magunia ghalani.
Bega la kulia bado linakumbuka.

Binamu Mpelembe yuko Kariakoo.
Usiku hunitumia picha, kifaa kimelala kiganjani mwake:
"Kimetumika, lakini kidogo tu."
Kila muuzaji ana "kidogo tu" yake.
Namwambia kigeuze, nionyeshe tumbo.
Nimemwona mama akipasua korosho moja
kabla ya kuliamini gunia.

"Kwenye pawa saplai usibane,"
alinionya Namalenga, fundi simu wa stendi.
"Ukibana hapo, siku umeme ukirudi na hasira
utazika vyote kaburi moja."
Na umeme wa Masasi huondoka bila kuaga,
ingawa gesi ni ya mkoa huu huu.
Basi elfu themanini kwenye pawa,
nikapunguza kwenye diski.
Feni nikachukua isiyo na taa.
Zile zinazowaka rangi saba kama ukumbi wa harusi
waachie wenyewe.
Joto likishuka kutoka kwenye miamba saa nane mchana
nahitaji upepo, si vigelegele.

Kasha la dukani, laki na ishirini. Bati na kioo!
Nikaenda kwa Mkwiche, mgonga majiko nyuma ya soko,
nikampa vipimo.
Akauliza, "Linapika nini?"
Halipiki, nikasema. Shida yangu ni lisipike.
Akacheka mpaka nyundo ikamponyoka,
kisha akatoboa kwa msumari, chini na juu.
"Moto haujui kushuka. Upe mlango wa juu."
Elfu kumi na nane, na soda akanidai.

Mwezi wa sita mikorosho ikatoa maua,
na ubwiriunga ukaja nayo,
mweupe, mwembamba, kama majivu ya mtu mwenye haraka.
Chitanda hakopeshi tena.
Mama hakuniomba kitu.
Alikuwa akitafuta ukurasa mtupu, akaufungua wangu.
Akasoma kwa kidole.
"Hii kadi ya picha ndiyo inayokula. Kazi yake nini?"
Kuchora.
"Bila yake hakuna kitu?"
Kipo. Kinachora kwa shida.
Akalifunga daftari, akaenda kuepua maharage.

Nilikaa na kifutio muda mrefu.
Karatasi ilichubuka pale palipokuwa na laki tatu.
Asubuhi nikabeba mifuko ya salfa kwa bega lile lile.

Nimekiunga usiku wa Ijumaa, juu ya mkeka,
bisibisi moja, tochi ya simu mdomoni.
Nafasi ya kadi imebaki wazi,
nimeizibia kipande cha katoni, vumbi lisizoee.
Nikaunganisha runinga ya sebuleni.
Feni ikakohoa. Ikaendelea.

Uwanja ukatokea, nyasi zake kama ugali wa muhogo,
wachezaji wakikimbia kwa kusitasita
kama wanaovuka matope.
Mama akavuta kigoda.
"Sisi ni wepi?"
Wekundu.
Akawatazama kwa makini, jicho la mtu wa kupanga madaraja.
"Mbona hawana nyuso?"
Watazipata, nikamwambia, mnada wa pili.